Faiba, basi la usiku au wingu la Ulaya: gigabaiti 600 zitafika lini kutoka Mombasa?

Harusi ya Pwani si ya siku moja. Ukihesabu nikaha, kupamba na walima, mpiga video anarudi studio na mzigo. Kamera ya 4K inayorekodi kwa megabiti 100 kwa sekunde hula gigabaiti 45 kila saa. Kamera mbili zikikaribia saa saba za kurekodi, tayari una gigabaiti 600 mezani.

Dada mmoja mwenye studio Bondeni alinipigia Jumapili, saa tatu usiku. "Kaka, mhariri wangu yuko Nairobi. Nikianza kumtumia sasa hivi, zitafika saa ngapi?" Nikamuuliza faiba yake ni ya ngapi. "Mia," yaani megabiti 100 kwa sekunde. Nikagawanya kichwani haraka haraka, nikamwambia kabla ya saa tano mhariri atakuwa nazo. Alfajiri simu ikalia tena: asilimia sitini tu ndiyo imefika, na mhariri wa watu amekaa mkono shavuni.

Aibu ilinishika kwa sababu kutandaza nyaya na kupima kasi ndiyo kazi inayonilisha. Kosa lilikuwa namba nane. Intaneti huuzwa kwa biti, hadi diski (hard disk) huuzwa kwa baiti, na baiti moja ni biti nane. Nilichokihesabu kuwa saa moja na dakika arobaini kilikuwa saa kumi na tatu na dakika ishirini, tena hapo njia haijakata chake. Na hukata. Data husafiri ikiwa imekatwa vipande viitwavyo pakiti. Pakiti ya kawaida ya Ethernet, yaani mtandao wa waya, hubeba baiti 1,500, na zilizo zako ndani yake ni kama 1,460. Zilizobaki ni anwani na vifungashio. Ongeza mtoto wa jirani anayetazama mpira kwa waifai yako, na kasi ya kweli hushuka zaidi. Mimi siku hizi hukata asilimia kumi hadi kumi na tano kabla sijamwahidi mtu kitu.

Tangu siku ile natembea na vipimo viwili kichwani, wala sihitaji kikokotoo. Megabiti 100 kwa sekunde ni gigabaiti 40 kwa saa. Megabiti moja ni gigabaiti kumi kwa siku. Mwenye faiba ya megabiti 20 ajue mzigo wa 600 utamchukua siku tatu. Mwenye 100 ajue saa kumi na tano. Na ukiona kompyuta yako ya Windows inasema diski ya terabaiti moja ina 931 tu, hakuna aliyekuibia: mtengenezaji anahesabu kwa elfu, Windows inahesabu kwa 1,024.

Sasa tulinganishe njia zenyewe.

Faiba hadi Nairobi

Hii ndiyo njia ya kwanza kuifikiria, na kwa mizigo ya kila siku haina mpinzani. Mombasa na Nairobi ni kama kilomita 480 kwa barabara. Mwanga ndani ya faiba huenda karibu kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kwenda na kurudi ni milisekunde tano ukihesabu mwanga peke yake. Ukiongeza ruta za njiani na mizunguko ya waya, milisekunde kumi hivi. Ni karibu sana. Mengi ya matatizo nitakayoyataja chini, ya masafa marefu, hapa hayakugusi.

Kinachokugusa ni mwanzo wa njia, yaani chumba chako mwenyewe. Nimeingia ofisi inayolipia kasi kubwa kila mwezi huku kila kitu kinapita kwenye swichi ya zamani ya mtandao, chini ya meza, isiyozidi megabiti 100. Nimekuta pia kompyuta inatuma kwa waifai kupitia kuta mbili za mawe ya Mji wa Kale, zile kuta nene, halafu lawama zinakwenda kwa kampuni ya intaneti. Chomeka waya kwanza. Kisha soma mkataba: kasi iliyoandikwa kwa herufi kubwa mara nyingi ni ya kupakua, na wewe unataka kupakia. Kuna vifurushi ambavyo kasi hizo mbili ni sawa na kuna ambavyo ya kupakia ni sehemu ndogo tu. Angalia pia kama kuna kikomo ambacho ukikivuka mwendo unapunguzwa hadi mwisho wa mwezi, maana gigabaiti 600 kwa usiku mmoja ni kiasi cha kukufikisha huko.

Jambo jingine ni stima. Ukipakia kupitia kivinjari na umeme ukapotea saa tisa usiku, mara nyingi unaanza upya. Programu za kutuma faili kama rsync au rclone huendelea kutoka pale ilipoachia, au angalau huruka faili zilizokwisha kufika. Kwa mzigo wa saa kumi na tano, hilo lina uzito kuliko tofauti ya kasi kati ya kampuni mbili.

Hadi diski kwenye basi la usiku

Watu hucheka nikiitaja, lakini ihesabu kwa haki. Hadi diski ya kawaida ya mfukoni huandika karibu megabaiti 120 kwa sekunde ikiwa imechomekwa kwenye USB 3, kwa hiyo gigabaiti 600 hunakiliwa kwa muda usiofika saa moja na nusu. (Ukiichomeka kwenye tundu la USB 2 kwa bahati mbaya, zidisha mara tatu au nne.) Unapeleka kifurushi kwenye ofisi ya basi Mwembe Tayari, kinasafiri usiku kucha kama saa kumi, mhariri anakifuata asubuhi, ananakili upya kwake kwa saa moja na nusu nyingine. Weka saa mbili za kupeleka, kusubiri na kuchukua. Jumla: saa kumi na tano.

Yaani basi na faiba ya megabiti 100 zinafika pamoja! Chini ya gigabaiti 600, faiba hiyo inalishinda basi. Juu yake, basi linaanza kutangulia, na kadiri mzigo unavyokua ndivyo linavyozidi kutangulia, kwa sababu basi halijui kama diski ina gigabaiti mia au elfu nne. Kwa mwenye faiba ya megabiti 20 mpaka huo uko chini zaidi, kwenye gigabaiti 100 hivi.

Si kichekesho kipya. Mwaka 2009 huko Afrika Kusini kampuni moja ilimfunga njiwa aitwaye Winston kadi ya gigabaiti nne na kumrusha kutoka Howick hadi Durban, kilomita kama 80. Alipofika na kadi ikapakuliwa, zilikuwa zimepita saa mbili na kidogo. Intaneti ya ofisi yao muda huo ilikuwa imetuma karibu asilimia nne.

Treni ya SGR ni haraka kuliko basi, saa tano hadi sita kutoka Miritini hadi Syokimau, ila hapa nahesabu kwamba unamtuma mtu na siyo kifurushi tu. Nauli ya daraja la kawaida ilipandishwa kutoka shilingi 1,000 hadi 1,500 Januari 2024, na mtu wako atarudi. Ukijumlisha kufika stesheni mapema kwa ukaguzi, kisha foleni ya kuingia mjini Nairobi, umeokoa saa tatu au nne dhidi ya basi. Kwa kesi ya mahakamani au tangazo la televisheni linalorushwa jioni, inafaa. Kwa harusi, mimi sioni.

Lakini kuna jambo moja la basi ambalo si la kasi. Ukumbini siku ya kupamba ni kina mama peke yao, wamejipamba na wameweka buibui pembeni, na mpiga picha mwenyewe ni mwanamke kwa sababu hiyo hiyo. Diski ile ikipotea Voi au Mtito Andei, hakuna hesabu ya saa itakayokutetea mbele ya familia. Funga diski kwa nywila kabla ya kunakili, kwa BitLocker au VeraCrypt, na nywila isisafiri kwenye bahasha moja na diski. Na usifute kadi za kamera mpaka mhariri aseme amefungua kila faili.

Wingu la Ulaya

Wingu ni kuhifadhi faili kwenye seva, yaani kompyuta za kampuni unazozifikia kwa intaneti. Hapa ndipo makadirio huvunjika vibaya zaidi, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mteja ana megabiti 100 za kupakia, amezipima na ni kweli anazipata. Anapakia kwenye seva iliyoko Ulaya na anaona megabiti tatu na nusu. Anadhani ameibiwa. Hajaibiwa, anavuka kwa feri.

Aliyewahi kupanga foleni Likoni anaelewa hili bila kufundishwa. Feri inajaa, inavuka, inashusha, inarudi kuchukua wengine. Kivuko ni kifupi, kwa hiyo hata feri ya wastani inavusha umati kwa siku. Sasa ichukue feri ileile, usiipunguze hata kiti, uipe safari ya kwenda Pemba na kurudi. Kwa siku itapeleka wangapi?

TCP, kanuni ya mtandao ambayo ndiyo inayosafirisha faili nyingi, hufanya hivyo hivyo. Hutuma fungu la data kisha husubiri upande wa pili urudishe risiti kwamba limefika. Kiasi kinachoruhusiwa kuwa baharini kabla ya risiti kurudi huitwa dirisha. Katika muundo wake wa asili dirisha haliwezi kuzidi baiti 65,535. Kwa Nairobi, milisekunde kumi kwenda na kurudi, dirisha hilo linakupa megabiti 52 kwa sekunde. Kwa seva ya Ulaya iliyo umbali wa milisekunde 150, linakupa 3.5. Faiba ileile, kompyuta ileile.

Dawa ilishapatikana kitambo: mwaka 1992 yalitangazwa marekebisho yanayoruhusu dirisha kubwa zaidi, na mifumo ya kompyuta ya leo huyatumia yenyewe. Ili ujaze megabiti 100 kwa milisekunde 150 unahitaji karibu megabaiti mbili ziwe njiani wakati wowote. Kwa gigabiti moja, karibu megabaiti 19. Dirisha likiwa kubwa kiasi hicho, feri imegeuka Daraja la Nyali, magari hayakatiki. Shida hubaki kwenye vifaa vikuukuu, seva zilizosahauliwa za FTP (njia ya zamani ya kutuma faili), na VPN (njia za faragha za kupitia mtandaoni) za bei rahisi ambazo bado zinavusha kwa feri ndogo.

Hata ukiwa na daraja, kuna upotevu wa pakiti. TCP ya zamani ikipoteza pakiti hudhani njia imejaa, inapunguza mwendo nusu, kisha inaupandisha polepole, hatua moja kila risiti zinaporudi. Ukipoteza pakiti moja kati ya elfu kumi, kiasi ambacho huwezi kukiona kwa macho, mkondo mmoja wa data kwenda Nairobi bado unaweza kupita megabiti 100. Mkondo huohuo kwenda Ulaya hauvuki sana megabiti kumi, kwa sababu kila hatua ya kupanda inasubiri milisekunde 150. Mbinu mpya kama BBR, iliyotolewa na Google mwaka 2016, hustahimili vizuri zaidi, lakini huamuliwa na upande unaotuma, kwa hiyo ukiwa unapakia ni lazima iwe imewashwa kwenye kompyuta yako mwenyewe.

Unachoamua kwa urahisi zaidi ni idadi ya feri. Iambie rclone itume faili nane kwa pamoja na nane zote zinavuka sambamba. Mara nyingi hilo peke yake hukurudishia kasi uliyoilipia. Picha ndogo ndogo zina ugonjwa wao: faili 20,000, kila moja ikihitaji safari tatu za maulizo kabla ya kuanza kutumwa, ni saa mbili na nusu za kusubiri tu kwa milisekunde 150, hata kama picha zenyewe zingekuwa tupu. Zifunge kwenye faili moja kubwa kwanza.

Usidanganywe na kipimo cha kasi unachokifungua kwenye simu. Seva yake hutafutwa ya karibu, pengine hapa hapa Mombasa, na hutumia mikondo mingi kwa pamoja. Kinakupimia barabara ya kwenda Kongowea wakati wewe unakwenda Ulaya. Kipimo ninachokiamini ni kimoja: chukua gigabaiti tano za kazi yenyewe, zitume kwa seva yenyewe kwa programu utakayoitumia, saa ileile utakayotuma, uangalie zilizofika baada ya dakika kumi.

Tena wingu la nje lina bahari. Wengi hapa hudhani kwa kuwa kebo za intaneti za chini ya bahari zinatua Mombasa (TEAMS na SEACOM mwaka 2009, EASSy mwaka uliofuata) basi sisi tuko mlangoni pa dunia. Tuko mlangoni kweli, ila mlango huo hukatika. Februari 2012 meli iliyokuwa ikisubiri kuingia bandarini ilitupa nanga na kuikata TEAMS. Februari 2024 kebo zilikatika Bahari ya Shamu, na Mei mwaka huohuo EASSy na SEACOM zikakatika upande wa kusini, na Afrika Mashariki nzima ikatambaa. Anayetuma Nairobi kwa waya wa nchi kavu hahitaji kebo hizo. Ukilazimika kutumia wingu na kampuni inakuruhusu kuchagua kituo, linganisha pia Afrika Kusini: Amazon ilifungua kituo Cape Town mwaka 2020. Usichague kwa ramani. Pima kwanza, maana njia ya data haifuati mstari ulionyooka.

Nyingine kwa ufupi

Laini ya simu, 4G au 5G: nzuri ya dharura, na bando litakwisha kabla ya kazi. Starlink, intaneti ya setilaiti iliyoanza kuuzwa Kenya Julai 2023, inasaidia sana kwa walio Kilifi ndani au Kwale ambako faiba haijafika, lakini upakiaji wake ni mdogo kuliko upakuaji. Ukipata megabiti 15, gigabaiti 600 ni siku nne.

Kwa mizigo mitatu, kutoka Mombasa hadi Nairobi, kwa hesabu zangu za kukata asilimia:

| Mzigo | Faiba ya 20 | Faiba ya 100 | Faiba ya gigabiti 1 | Hadi diski kwa basi |
|---|---|---|---|---|
| GB 50 | saa 6 | saa 1 na robo | dakika 8 | saa 12 |
| GB 600 | siku 3 | saa 15 | saa 1 na nusu | saa 15 |
| TB 4 | siku 21 | siku 4 | saa 10 | saa 31 |

Itazame safu ya gigabiti moja. Hapo basi limeshindwa kabisa, hata kwa terabaiti nne, na sababu yake si faiba. Ni kwamba hadi diski inanakiliwa mara mbili, huku na kule, na kila mara inakwenda kwa mwendo wa gigabiti moja hiyohiyo. Ukibadilisha ukatumia diski ya SSD ya megabaiti 450 kwa sekunde, basi linafufuka, lakini kwa mizigo ya kama terabaiti tisa na nusu na zaidi. Na ndiyo maana sikushauri studio ndogo ilipie gigabiti kumi: kwa namba, gigabaiti 600 zingepita kwa dakika nane, lakini hadi diski uliyozihifadhi itazitema kwa saa moja na dakika 23 vilevile. Gigabiti moja nayo ina maana tu kama mhariri wa Nairobi anayo pia. Akiwa na 50, wewe una 50.

Dada wa Bondeni hakuongeza kifurushi cha intaneti. Kompyuta yake hutengeneza nakala nyepesi za video, ukubwa wa moja kwa ishirini, na gigabaiti 30 hizo hufika Nairobi kwa faiba yake ileile chini ya saa moja. Mhariri huanza kukata usiku uleule akitumia nakala hizo. Diski yenye video kamili, ikiwa imefungwa kwa nywila, hupanda basi saa nne, na asubuhi mhariri huiunganisha na kazi aliyokwisha kuianza.